Sensa kubwa haimkuzi chui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu makala ya safu yenu ya teknolojia iliyowashauri vijana wanaoanza kazi ya picha wajibane hata miaka miwili, wasinunue chochote mpaka waifikie kamera ya fulu fremu, ile yenye sensa kubwa, sensa ikiwa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Mwandishi alisema sensa ndogo ni ya kujifunzia, na kwamba watengenezaji wanafanya vyema kuiacha ibaki kwenye kamera za bei nafuu za kupigia picha za familia. Niliisoma nikiwa gereji hapa Karatu, nasubiri gari libadilishwe springi, na fundi ni shahidi kwamba nilibishana na gazeti kwa sauti.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Nina miaka 16 barabarani, kuanzia Tarangire na Manyara mpaka Kogatende kule nyumbu wanakovukia mto Mara. Picha nilianza kama mchezo, leo ni riziki ya pili. Nawauzia wenye kampuni ndogo za utalii wanaotaka picha za kalenda na za mitandaoni, na masika wageni wakikatika ndizo zinazolipa ada ya shule. Kamera yangu ni Nikon D500. Niliinunua kwa mgeni mmoja mzee kutoka Uholanzi aliyechoka kuibeba, pamoja na lenzi yake ya milimita 200 hadi 500, na milimita zikiwa nyingi lenzi inavuta mbali zaidi. Nusu nilimlipa palepale Arusha, nusu nikamtumia msimu ulipoisha. Ni kamera ya kizamani, yenye kioo ndani cha kupeleka taswira jichoni, na sensa yake ndiyo hiyo ndogo inayosemwa, ya upana wa milimita 23.5. Madereva wenzangu wanaiita mtoto wa kambo.

Basi nimsimulie mwandishi habari ya chui.

Seronera, katikati ya Serengeti, huruhusiwi kuiacha barabara. Chui akilala juu ya mgunga mita 60 kutoka ulipo, hizo mita 60 ndizo zako, hata kama uliyembeba ni bilionea. Kiwiliwili cha chui, ukiacha mkia, ni kama mita moja na nusu. Mwelekezee lenzi ya milimita 500, taswira yake itakayoangukia kwenye sensa itakuwa na urefu wa milimita 12 na nusu. Ni punje moja ya harage. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu punje hiyo haijui imeangukia sensa gani. Iwe fulu fremu ya milimita 36, iwe hii yangu ya 23.5, chui ni punje ileile, na mwanga uliomchora ni uleule. Kwenye sensa kubwa anachukua kama theluthi ya upana wa picha, kwenye yangu anapita nusu. Kilichoongezeka kwenye ile kubwa ni matawi na anga, na mteja wa kalenda atavikata vyote.

Ukishakata unabaki na nini? Fulu fremu ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 zinazounda picha, ambayo ndiyo kijana wa kawaida angeifikia baada ya kujibana kwake, ukiikata ilingane na sensa ndogo inabakiwa na 10 na ushee. D500 ya mwaka 2016 ina 20.9. Canon R7 ya mwaka 2022 ina 32.5, na ili fulu fremu impe chui wangu nukta nyingi kiasi hicho ingebidi iwe na zaidi ya megapikseli 80. Halafu ule usafi wa picha unaosifiwa, kwamba sensa kubwa haina chenga mwanga ukipungua, unatokana na kukusanya mwanga kwenye eneo kubwa zaidi, mara mbili na robo ya langu. Ukikata eneo, na mwanga wake umeutupa. Unarudi pale nilipo mimi, ila wewe umelipa zaidi.

Jibu la upande wa pili nalijua. Kijana mmoja wa Arusha, mpiga picha za harusi, ambaye ananiita mzee ingawa miaka 45 sijaifikisha, aliniambia, "Mzee, chukua Z8 umalize kazi. Ina 45, unakropu unavyotaka." Hesabu hakukosea. Nikon Z8 ya mwaka 2023 ina megapikseli 45.7, na ukiiweka kwenye hali ya sensa ndogo inatoa 19 hivi, karibu sawa na D500. Jinsi inavyoling'ang'ania jicho la mnyama anayekimbia inanitia wivu, sifichi. Lakini ilipotoka bei yake ilikuwa kama dola 4,000, bodi peke yake bila lenzi, na D500 ilipotoka ilikuwa 2,000. Nikamuuliza, "Yaani mwanangu, ninunue shamba zima kwa ajili ya mwembe mmoja wa katikati?" Akacheka, akasema shamba lina mazao mengine. Ni kweli. Ila mimi kila siku naenda kwenye mwembe.

Kwa hiyo sensa ndogo kufaa inafaa. Ninachouliza ni kwa nini wanaifungia kwenye bodi dhaifu. Watazame Nikon wenyewe. D300 ilitoka 2007, D300S ikafuata 2009, halafu watu wakakaa miaka saba wakisubiri mpaka D500. Walipoitoa waliipa mfumo uleule wa fokasi wa D5, kamera yao kubwa ya wapiga picha wa michezo. Hapo hakukuwa na habari ya kujifunzia. Fremu 10, yaani picha 10, kwa sekunde, na kwa kadi ya kuhifadhia picha ya aina ya XQD inameza picha ghafi (RAW) 200 mfululizo bila kukohoa. Vitufe vyake vinawaka gizani, jambo ambalo dukani hakuna anayelijali, lakini alfajiri mkiwa mmepanga foleni getini mnasubiri saa kumi na mbili ifike, na giza bado limeshika, utanikumbuka.

Kisha zikaja zisizo na kioo. Z50 mwaka 2019, Zfc 2021, Z30 2022, Z50II mwishoni mwa 2024. Bodi nne, kila moja nzuri kwa kazi yake, na hakuna hata moja iliyokalia kiti cha D500. Z50II ndiyo iliyokisogelea, maana ilipewa prosesa ya kizazi kimoja na ile ya kamera zao kubwa. Lakini nafasi ya kadi ni moja, imefichwa chini pamoja na betri, na haina mtambo wa kuituliza sensa mkono unapotetemeka. Sony A6700 ya mwaka 2023 ina fokasi ya ajabu, na kadi yake ni moja vilevile. R7 angalau waliipa kadi mbili.

Msomaji ataona naimba habari ya kadi. Ni kwa sababu niliwahi kuazimwa kamera ya kadi moja, Agosti, Kogatende. Nyumbu walivuka mara tatu siku hiyo, mara ya tatu mamba akamkamata ndama mbele yetu kabisa. Jioni kadi ikagoma kusomeka. Niliipuliza, nikaifuta kwa fulana, nikaichomeka kwenye laptop ya jirani, wapi. Mgeni niliyemuahidi zile picha hakunigombeza. Alinyamaza tu kutoka Kogatende mpaka Seronera, na anayeijua hiyo barabara anajua kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi gani.

Kubwa kuliko kadi ni kasi ya kuisoma sensa. Kamera isiyo na kioo ukiitaka itoe fremu 20 au 30 kwa sekunde, mara nyingi inaiacha shata ya kawaida, lile pazia linalofunguka na kujifunga mbele ya sensa, na kuisoma sensa kwa umeme, mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sensa ikiwa nzito kusomeka, kitu kinachokwenda mbio kinahama kabla usomaji haujaisha. Mwaka juzi nilikuwa Ndutu na mgeni, mama mmoja daktari mstaafu, mwenye bodi mpya ya sensa ndogo ambayo sitaitaja. Furukombe akaruka kutoka kwenye mgunga mkavu pembeni ya ziwa, mama akaachia fremu zaidi ya 60. Usiku kambini tukazifungua. Jicho la ndege lina makali ya wembe, kila unyoya wa kifua unahesabika, na mabawa yamepinda kama mundu, kuelekea upande ambao bawa halipindi. Tulipitisha picha moja baada ya nyingine, zote mundu. Mama akaniuliza kwa upole kama yule ndege alikuwa mgonjwa.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Ni sensa ya tabaka, iliyopachikiwa saketi na memori kwa nyuma ili isomeke haraka. Kwa miaka mingi waliiweka kwenye bodi za bei ya juu, mpaka mwaka 2022 Fujifilm wakaiweka kwenye X-H2S, sensa ndogo ya megapikseli 26, fremu 40 kwa sekunde kwa shata ya umeme, kwa dola 2,500. Hao fulu fremu hawatengenezi kabisa, wana sensa ndogo na wana kubwa kupita fulu fremu, kwa hiyo hawana shamba la kulinda dhidi ya mwembe. Mimi ningeshahamia kwao, kinachonizuia ni lenzi. Lenzi yao ya 150 hadi 600 ni nyepesi, inabebeka, lakini ukiivuta mpaka mwisho inaingiza mwanga wa f/8 (namba hiyo ikikua, mwanga unapungua), na chui wa saa kumi na mbili na robo asubuhi hana mwanga wa kugawa. Yangu ni f/5.6 mwanzo hadi mwisho.

Haya, watengenezaji nao wana hoja. Takwimu za chama chao cha Japani, CIPA, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilipita milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Soko likinyauka namna hiyo, mwenye kiwanda anapanda kinachomlipa zaidi kwa kila tuta, na fulu fremu inalipa zaidi, kwa sababu anayeinunua atarudi kununua na lenzi za gharama. Sensa ya tabaka nayo siyo rahisi kutengeneza. Hayo nayaelewa, hata mimi situmi gari Kogatende kwa mgeni mmoja anayelipa nusu.

Lakini jiulize zile zaidi ya milioni 110 zilizopotea zilikuwa kamera za nani. Karibu zote zilikuwa za picha za familia. Simu imezila, na hazirudi. Sasa mwandishi wenu anapendekeza sensa ndogo ibakizwe kwenye sahani ambayo simu imeshairamba! Ubatizo, mahafali, watoto wamepangwa mbele ya keki, nani siku hizi anabeba kamera kwa hayo? Aliyebaki na kamera mkononi ni mtu ambaye simu imemshinda, na simu inashindwa kwanza na umbali. Furukombe, mchezaji aliye goli la pili, swala aliye ng'ambo ya bwawa. Kwa watu hao sensa ndogo ni kipunguza gharama kikubwa kuliko punguzo lolote la duka, kwa kuwa gharama yenyewe iko kwenye lenzi. Nikon wana lenzi ya milimita 600 f/4 ya kamera zisizo na kioo, kitu cha kifalme, bei yake ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa dola 15,500 na uzito wake ni kilo 3.26. Kwenye sensa yangu lenzi ya 400 inaona upana uleule ambao hiyo inauona kwenye fulu fremu. Siyo kitu kilekile, f/4 ni f/4, lakini ada ya shule nayo ni ada ya shule.

Uzito nao siyo wa kuupita hivihivi. Wageni wanaoruka kwa vile vindege vidogo vya kwenda Serengeti wanaruhusiwa kilo 15, begi laini, na kamera imo humohumo. Nimeona wazee wa watu pale uwanja mdogo wa Arusha wakivaa jaketi mbili na kujaza betri mifukoni. Hata mfuko wa kulazia lenzi juu ya paa la gari wanakuja nao mtupu, mimi ndiye ninayeujaza maharage ya soko la Karatu. Safari ikiisha maharage yanarudi nyumbani kwangu, na mke wangu anadai maharage yaliyotembea Serengeti siku saba hayaivi upesi.

Mpira niuguse kidogo, kwa kuwa AFCON ya 2027 ni ya kwetu, Kenya na Uganda, na Arusha hapa uwanja unajengwa. Vijana wetu watakaokaa nyuma ya goli na lenzi ya 70 hadi 200, ambayo ndiyo wengi wanayo, kwenye sensa ndogo wataona kama wana 105 hadi 300. Bodi yenye mbio ya dola 2,000 na lenzi waliyonayo tayari ingewatosha kumkuta mfungaji akiwa bado ndani ya boksi la mbali. Wakisubiri fulu fremu miaka miwili kama walivyoshauriwa, kombe litakuwa limeshaondoka.

Sidai kwamba sensa kubwa haina kazi. Tarangire tembo wanakaribia mpaka unasikia tumbo likinguruma, na hapo sihitaji kukata chochote. Mwenye fulu fremu ananipiga bao waziwazi, na jua likishazama ananipiga mabao mawili. Yule kijana wangu wa harusi, ukumbini usiku, taa za rangi na bibi harusi anacheza, sensa kubwa ni haki yake. Ningekuwa natembelea kumbi badala ya pori ningeuza D500 kesho.

Ila sizitembelei kumbi. Shata ya kamera yangu imepimiwa fremu 200,000, nilizipita, nikabadilishiwa na fundi Nairobi, na bodi yenyewe haitengenezwi tena. Ninachokitaka baada yake hakina makuu. Sensa ndogo ya megapikseli 20 hadi 26, sitaki 40, maana kila nukta iliyoongezwa ni nukta ya kusomwa. Isomeke haraka bawa lisipinde. Kadi mbili, betri kubwa ya kamera kubwa, kijiti cha kuhamishia fokasi kwa dole gumba, mpira wa kuzuia lile vumbi jeupe la Ndutu linaloingia mpaka kwenye meno. Waiuze hata dola 2,500. Nitalalamika, halafu nitanunua.

Najua barua hii haitasomwa Tokyo. Nimeandika kwa ajili ya kijana wa Mto wa Mbu au wa Mwanza ambaye ana kamera ya sensa ndogo mkononi, akasoma makala yenu akaona aibu kuitoa kwenye begi. Aitoe. Na mwandishi, ambaye maandishi yake mengine nayapenda, namkaribisha mwezi wa pili swala na nyumbu wakiwa wamezaa. Aje na fulu fremu yake ya 24 na lenzi ya 500, nitamsimamisha mita 60 kutoka kwa chui, mimi na mtoto wangu wa kambo kando yake, kisha tukatafute laptop. Maharage ninayo, mfuko aje nao.

Dereva na mwongoza watalii,
Karatu.
(Jina na namba ya simu nimeviacha kwa Mhariri.)